Anza na Touch, hayo mengine yatafuata

Mtu akiniuliza aanze na anime gani ya zamani (katuni za Kijapani), mi jibu langu ni moja tu: Touch. Ya 1985 mpaka 1987, epsodi 101, imetokana na manga, yaani kitabu cha katuni, ya Mitsuru Adachi. Wengi wakisikia ni besiboli ya wanafunzi wa sekondari wanakata tamaa hapohapo, maana huku kwetu mchezo wenyewe hata sheria zake hatuzijui, lakini aisee usiogope, sheria utazielewa njiani bila hata kujua umezielewaje.

Stori iko hivi. Kuna mapacha, Tatsuya na Kazuya, na jirani yao Minami, wamekua pamoja tangu wadogo, wazazi wakawajengea hadi kachumba ka kusomea katikati ya nyumba zao. Kazuya ndo mwenye bidii, mrusha mpira tegemeo wa timu. Tatsuya ni mvivu, au tuseme anajifanya mvivu, coz anajua mdogo wake anampenda Minami na hataki kumzibia. Minami naye ana ndoto moja, apelekwe Koshien.

Na hapa lazima uelewe Koshien ni nini, la sivyo utaona wanalia bure. Ni uwanja wa ukweli kabisa, upo Nishinomiya tangu 1924, na kila Agosti shule za sekondari za Japani nzima zinakutana pale kwenye mashindano ya taifa. Kila mkoa unatoa shule moja, Tokyo na Hokkaido ndo zinatoa mbilimbili, na ni mtoano, ukifungwa mara moja tu umerudi nyumbani. Sekondari yao ni miaka mitatu, so mtoto ana majira matatu tu ya joto maishani mwake kufika pale, basi. Ndo maana ahadi ya kumpeleka msichana Koshien ina uzito, muda wake unaisha kweli, sio ahadi ya kusema tutaona mbele ya safari.

Sasa (kama hujaangalia na hutaki kujua, ruka aya hii) asubuhi ya fainali ya mchujo wa kwenda Koshien Kazuya anakufa barabarani akimwokoa mtoto asigongwe. Hapo ndo nilipoipenda hii kitu moja kwa moja. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, hakuna hotuba. Minami anajikaza muda wote, halafu anaenda kusimama chini ya daraja la reli, treni inapita juu na kelele zake zote na hapo ndo anaachia kilio chake, wewe mtazamaji humsikii, unamwona tu. Nikiifikiria tu hiyo sini koo linakaba.

Baada ya hapo Tatsuya anaanza kurusha mpira, na mdaka mpira wa timu, Kotaro, aliyekuwa mwenzake Kazuya, hamtaki kabisa. Yaani kila mpira anaourusha Tatsuya ni mazungumzo, na marehemu, na Kotaro, na Minami ambaye Tatsuya hawezi kumwambia lolote kwa mdomo. Kwangu mi huo ndo utamu wa hizi anime za zamani, michezo na mapenzi havijawekwa pembeni pembeni, mchezo wenyewe ndo unasema yale ambayo hawa watoto wanaona aibu kuyasema. Na hawana haraka, utaonyeshwa anga, nguo zilizoanikwa, mbwa amelala, epsodi nzima inaisha hakuna aliyekiri chochote na bado unataka inayofuata!

Slam Dunk, anime nyingine ya zamani, ya mpira wa kikapu, nayo imeanzia hukohuko kwenye mapenzi, Hanamichi ameshakataliwa na wasichana 50, anaingia kikapu sababu Haruko kamuuliza kama anapenda kikapu, hajui hata kudunda, halafu taratibu unaona ameupenda mchezo wenyewe kikwelikweli. Mabadiliko yake yamechorwa vizuri mno.

Ila Touch ina kitu kingine cha kijasiri, safari nzima tunaisubiri Koshien, tukifika mechi zenyewe hata hatuonyeshwi vizuri. Kuna wanaokasirika. Mi naona ni sawa kabisa, maana deni la Tatsuya kwa mdogo wake lilishalipwa kwenye fainali ya mchujo aliyokuja kuicheza mwenyewe baadaye, kombe lingeongeza nini tena?