Juisi ya glasi ndefu

Jamani, watoto wana raha yao! Jana nilimimina juisi ya ukwaju kwenye glasi mbili zinazofanana, moja ya binti yangu wa miaka minne, nyingine ya kaka yake wa darasa la pili. Wote wakakubali ziko sawa. Kisha ya kaka mtu nikaihamishia kwenye glasi ndefu nyembamba, mbele ya macho yao. Mdogo akaangua kilio: "Yake nyingi!" Mkubwa akamtazama kwa huruma ya kizee: "Si ile ile? Mama hajaongeza kitu."

Jaribio si langu, ni la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi (1896–1980). Aliona watoto wengi huanza kuelewa kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadili glasi tu wakikaribia miaka saba hivi. Nikairudisha juisi kwenye glasi ya kwanza, bibie akafuta machozi: "Haya, sasa sawa." Nikaihamisha tena, kilio upya!

Kaka mtu naye alikuwa hivyo hivyo, ila leo hakumbuki kabisa. Na huyu huyu anayelilia juisi ndiye aliyeniuliza juzi: jua likizama baharini, halilowi? Nikamwambia amuulize baba yake.