Grisi ilikuwa haifiki

Majira ya baridi ya mwaka juzi pikipiki yangu ya theluji, ile yenye skii mbele na mkanda wa raba nyuma badala ya magurudumu, ilianza kulia. Kila nikipita kwenye tuta, nyuma inatoa mlio wa kitanda cha chuma kikuukuu, halafu kiti kinanipiga kana kwamba shokapu hakuna. Mwezi Novemba nilikuwa nimelipia sevisi gereji, na kwenye risiti waliandika wamepiga grisi kote. Nikaamini.

Naishi Duluth, Minnesota, Marekani. Njia ya pikipiki hizi ya kwenda mji wa Grand Marais inaanzia huku, zaidi ya kilomita 200 za misitu, na baridi ya huko ikikukuta umeharibikiwa haina huruma. Kwa hiyo Aprili, theluji ilipoyeyuka, niliamua kushusha sasipensheni yote ya nyuma kwa mikono yangu, na mpwa wangu akiwa msaidizi.

Sasipensheni hiyo imejificha ndani ya mkanda wa raba: reli mbili, shokapu, springi, mikono miwili ya chuma na magurudumu madogo. Yote hayo yameshikwa kwenye bodi kwa bolti nne tu, mbili kila upande.

Nililegeza kwanza ekseli ya nyuma na skrubu za kukazia mkanda. Kisha nikatoa miguu ya springi kwenye vizuizi vyake kwa kifaa maalumu. Hapo tafadhali usiharakishe. Springi hizo zimesokotwa kwa nguvu nyingi, na mguu ukifyatuka unavunja vidole.

Bolti ndizo zilizotusumbua. Za kushoto na kulia zinaingia kwenye shafti moja, kwa hiyo ukishalegeza moja, ya pili inazunguka pamoja na shafti.

"Mjomba, inazunguka tu, haitoki!"

"Acha kwanza. Irudishe ile ya kwanza, uikaze kabisa."

Alipoikaza, ya pili ikapata pa kujishikilia, ikalegea. Tukarudi kwa ya kwanza. Gundi yake ya kuzuia isijilegeze ilishaachia, ikatoka bila ubishi. Tulikwishamwaga petroli, basi tukailaza mashine ubavu juu ya maboksi, tukapanua mkanda na kuizungusha sasipensheni hadi ikatoka.

Shafti ya mkono wa mbele ilikataa kutoka kwenye mrija wake. Tuliinyeshea mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha ilale usiku kucha, asubuhi tukaigonga kwa nyundo ya raba. Ilipochomoka nilikaa chini kuitazama. Karibu na tundu la kupigia grisi palikuwa na grisi mpya, ya buluu, laini kabisa. Sentimita tatu mbele yake, grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama nta na kuziba njia. Kwingine kote ni kutu nyekundu, na bushi, kile kipete kinachovaa shafti, imeliwa upande mmoja hadi tundu lake limekuwa na umbo la yai. Gereji walipiga grisi kweli. Haikufika.

Nilisugua shafti kwa msasa laini, nikazibua mirija, nikaweka bushi mpya na kupaka grisi kwa kidole kila mahali. Magurudumu niliyazungusha moja moja karibu na sikio. Matatu yalikwaruza kama yamejaa mchanga, nikabadilisha beringi. Slaidi, yale mapande ya plastiki yanayovaa reli, zilikuwa zimekaribia mstari wa kikomo, nazo nikabadilisha. Theluji ndiyo inayozipoza, kwa hiyo ukikimbiza mashine kwenye barafu tupu zinaisha upesi.

Kurudisha kulikuwa rahisi zaidi: mkono wa mbele kwanza, kisha wa nyuma, gundi mpya kwenye bolti, na mkazo ule uliotajwa kwenye kitabu cha mashine. Mkanda niliupima kwa kuning'iniza uzito wa kilo 4.5 katikati, nikasoma pengo kati yake na slaidi. Mwisho nikauzungusha polepole nyuma ikiwa juu ya stendi, nikitazama kutoka ubavuni kama umekaa katikati. Mpwa wangu nilimkataza kusimama nyuma. Mkanda ukizunguka unarusha mawe.

Aprili hii tumeshusha tena, kabla maji ya theluji hayajakaa humo kiangazi kizima. Shafti ya mbele niliivuta kwa vidole viwili, ya buluu kuanzia mwanzo hadi mwisho.