Wazazi walewale, watoto watatu, malezi matatu

Mimi na wadogo zangu wawili tumezaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Lakini ukituketisha kila mmoja asimulie alivyokua, utadhani tumetoka nyumba tatu zisizojuana.

Mimi ndiye kifungua mimba. Namkumbuka baba akiwa na kazi: anarudi jioni, anavua viatu mlangoni, anadai daftari zangu na kuzikagua kwa ukali wa utani. Kisha kazini kwao wakapunguza watu, naye akawamo. Mwanzoni aliendelea kuamka alfajiri, ananyoa ndevu, anavaa vizuri, halafu anakaa sebuleni hana pa kwenda. Baadaye hata kunyoa akaacha. Mtu yuleyule niliyemjua kwa utani akawa anafoka kijiko kikidondoka. Mama akaanza kufanya kazi zamu za usiku, wakawa wanakutana mlangoni tu, mmoja anatoka na mwingine hajalala, na hapo hapo mlangoni ndipo walipogombana. Walipotengana nilikuwa na miaka 15, mdogo wangu wa kiume 9, na kitindamimba wetu 2.

Tofauti hiyo ya umri ndiyo iliyotugawa. Mimi nilikuwa nimeshapata marafiki wangu, na nilikuwa na kazi ya kufanya: kupika, kumwogesha mdogo, kusaini karatasi za shule kwa mwandiko wa mama (naujua mpaka leo, na mama anajua kuwa naujua). Nilichoka, ndiyo. Ila nilikuwa mtu anayehitajika nyumbani, na sitadanganya kwamba jambo hilo halikunijenga.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Glen Elder, mwanasosholojia wa Marekani, nikahisi kama kuna mtu alipita nyumbani kwetu. Alichambua kumbukumbu za watoto wa California waliokulia katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Kundi moja, la Oakland, lilizaliwa 1920 na 1921. Jingine, la Berkeley, lilizaliwa 1928 na 1929. Familia nyingi zilipoteza zaidi ya theluthi ya kipato. Waliokuwa wakubwa kidogo wakatafuta vibarua au wakabeba kazi za nyumbani, na wengi wao walisimama vizuri ukubwani. Wavulana wadogo wa Berkeley ndio walioumia zaidi. Na njia ambayo umaskini uliwafikia ilikuwa hasira za baba: mfuko ukipungua, baba anakuwa mkali, anaadhibu hovyo, na mtoto mdogo hana pa kukimbilia.

Huyo ndiye mdogo wangu wa kiume. Miaka yake yote ya kumbukumbu ni ya ugomvi, na ugomvi ulipokwisha kukaja kuhama. Tulihama nyumba, tukahama tena kwa sababu ile ya kwanza hatukuimudu, na kila mara naye akabadilisha shule. Watu walimwonea huruma kwa kumkosa baba. Kumbe yeye alimkosa pia rafiki wa nyumba ya jirani, na timu ambayo alikuwa amekubaliwa kudaka, na mwalimu aliyemkalisha mstari wa mbele bila kusema kwa nini. Sababu ilikuwa kwamba haoni ubao. Shule mpya hakuna aliyeambiwa, akawekwa nyuma, akawa ananakili kwa jirani yake pamoja na makosa ya jirani.

Ndiyo maana sipendi mjadala wa talaka unapoanzia na kuishia kwenye talaka. Mwaka 1994 wanasosholojia Sara McLanahan na Gary Sandefur walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba karibu nusu ya pengo la mafanikio, hasa ya shule, kati ya watoto waliolelewa na mzazi mmoja na wenzao lilielezwa na kipato. Kuhamahama kulichangia sehemu nyingine. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia aliyefuatilia familia kwa miongo kadhaa, alikuta asilimia 25 ya watoto wa wazazi waliotalikiana wana matatizo makubwa ya kihisia au ya kijamii, dhidi ya asilimia 10 kwa wenzao. Mwenye kutaka kutisha atakwambia ni zaidi ya maradufu. Mwenye kutaka kufariji atakwambia robo tatu hawana. Mimi namwangalia mdogo wangu na kujiuliza angekuwa upande gani kama angebaki shule ileile.

Aliyegundua macho yake ni mke mpya wa baba. Tulimwita mama mdogo, kwa shingo upande. Alikuja kwa mara ya kwanza tukiwa tumepanga kumnunia, akamwona kijana anasoma kitabu kikiwa kimegusa pua, akauliza, "Huyu amewahi kupimwa macho?" Wiki haikuisha akapata miwani. Wanaohesabu madhara ya familia za kambo wangetafuta na safu ya kuandika miwani.

Kitindamimba hana kumbukumbu ya lolote kati ya haya. Ana vitanda viwili na miswaki miwili tangu anapata akili. Siku moja akaniuliza, "Dada, hivi ni kweli baba na mama waliwahi kukaa nyumba moja?"

"Nyumba moja? Hata chumba kimoja."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwake wazazi wetu ni watu wawili wenye heshima zao wanaopigiana simu kuhusu ada.

Kitu kimoja tulichofanana wote watatu ni kwamba hatukuulizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kwenye ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Haimaanishi mtoto ndiye aamue ndoa iendelee au isiendelee. Ila mtu angemuuliza mdogo wangu, angejibu kwa sentensi moja: nibaki shule hii.

Sasa naye ni baba, na mwaka huu ametengana na mama wa mtoto wake. Sikumpa ushauri, alishakuja nao. Amekodi chumba kidogo kuliko anachohitaji ili awe mtaa uleule, mtoto aende shule ileile kwa miguu. Mwalimu wa darasa amepewa namba za wazazi wote wawili na ameambiwa hali ilivyo. Hesabu za kodi tumepiga pamoja. Zinabana, na baada ya mwaka mmoja huenda zikashindikana. Mtoto naye ameulizwa anataka nini. Anataka kitanda chake kiwe chini ya dirisha, nyumba zote mbili. Kwa mama yake limewezekana. Kwa baba yake dirisha liko juu ya mlango, na mazungumzo bado yanaendelea.