Kazi Imeandikwa, Lakini Je, Imefika?

Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa mwanafunzi asiyeona uko katika kuandika kazi zake. Kwangu mimi kuandika ndiyo sehemu ninayoimudu kuliko zote: vidole vimeshaizoea kibodi, kisoma skrini hunitamkia kila herufi na kila neno ninaloandika, na nikitaka kuhakikisha aina ya fonti, ukubwa wake au nafasi iliyopo kati ya mistari, naiuliza programu nayo hunijibu. Wasiwasi wangu huanza baada ya insha kukamilika, pale inapopaswa kutoka kwenye kompyuta yangu na kuingia katika mfumo wa chuo kabla ya saa iliyopangwa.

Ni vizuri ieleweke kwanza kwamba kisoma skrini hakioni ukurasa kama unavyoonekana kwenye kioo. Husoma maelezo ambayo mtengenezaji ameyaweka nyuma ya sura hiyo: kwamba hiki ni kichwa, hiki ni kitufe, hapa ni mahali pa kuandika. Mimi hutumia NVDA, programu isiyolipiwa ambayo Michael Curran alianza kuitengeneza nchini Australia mwaka 2006, ingawa wapo wenzangu wanaotumia JAWS, ambayo ni ya kulipia na ina umri mkubwa zaidi, au VoiceOver ambayo Apple huiweka ndani ya kompyuta na simu zake. Nikiwa na NVDA, herufi H hunirusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine, B hunifikisha kwenye kitufe kinachofuata, na T hunipeleka kwenye jedwali. Ukurasa uliotengenezwa kwa uangalifu naupitia haraka bila kumsumbua mtu. Lakini mtengenezaji akichora umbo linalofanana na kitufe bila kulipatia jina, nitasikia neno “kitufe” tupu, na pakiwa na vitufe vitatu vya namna hiyo mfululizo siwezi kujua kipi kinatuma kazi na kipi kinaifuta.

Kikwazo ninachokutana nacho mara nyingi ni lile eneo la kuburuta faili. Ukurasa humwagiza mwanafunzi aishike faili kwa kipanya na kuiachia ndani ya mstatili, na wakati mwingine hautoi njia nyingine yoyote. Asiyeuona mstatili huo hana pa kuiachia faili yake. Tiba yake ni ndogo mno: kitufe cha kawaida cha kuchagua faili, chenye jina, kinachofikiwa kwa Tab na kubonyezwa kwa Enter. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, inayojulikana kwa kifupi kama WCAG, iliagiza tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008 kwamba shughuli za ukurasa ziweze kufanywa kwa kibodi, kwa hiyo mfumo unaomlazimisha mwanafunzi kutumia kipanya leo hauwezi kujitetea kwamba jambo hili ni geni.

Faili ikishapakiwa hufuata jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kujua kwa hakika kwamba kazi imepokelewa. Anayeona hutupia jicho tu: alama ya kijani imetokea, au ujumbe umejitokeza juu ya ukurasa kwa sekunde chache ukatoweka. Ujumbe huo usipoandaliwa ili kisoma skrini kiutangaze chenyewe unapotokea, mimi nabaki na ukimya. Sijui kama kazi imekwenda, kama intaneti imekatika au kama faili imekataliwa kwa sababu ya ukubwa wake, na inanibidi niupitie ukurasa wote upya nikitafuta kilichobadilika huku dakika zikiyoyoma. Toleo la 2.1 la miongozo hiyo, la mwaka 2018, lilieleza waziwazi kwamba ujumbe wa hali kama huu lazima uwafikie watumiaji wa visoma skrini bila wao kwenda kuutafuta.

Tena kupakia si sawa na kuwasilisha. Katika Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, mhadhiri anaweza kuamua kwamba faili ibaki rasimu hadi mwanafunzi abonyeze kitufe kingine cha kuthibitisha. Mpango huo una manufaa kwa sababu unatoa nafasi ya kurekebisha, na nashukuru kwamba Moodle huonyesha hali ya kazi kwa maandishi ndani ya jedwali, si kwa rangi peke yake. Kwa hiyo kila nikimaliza hurudi kwenye ukurasa wa kazi, hubonyeza T na kusoma safu ya hali hadi nisikie kwamba kazi imewasilishwa. Kisha huipakua faili ileile iliyomo katika mfumo na kuifungua, maana ni hapo tu ninapojua kwamba mhadhiri atapokea toleo nililolikusudia.

Suala la muda nalo halipaswi kupuuzwa. Mifumo mingine humtoa mtumiaji baada ya dakika kadhaa za ukimya, na mtu anayesikiliza ukurasa mstari kwa mstari huonekana kama amelala ingawa yuko kazini. Mojawapo ya njia ambazo WCAG inazikubali ni mtumiaji kuonywa kabla muda haujaisha na kupewa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi.

Wapo wahadhiri wema ambao, wakisikia shida hizi, husema: nitumie kwa barua pepe. Nawaheshimu kwa moyo huo, na mfumo unapokwama kabisa njia hiyo huokoa. Hata hivyo siikubali kuwa suluhisho la kudumu. Mwenzangu anayewasilisha kupitia mfumo anapata stakabadhi yenye tarehe na saa. Mimi nabaki nikitegemea kumbukumbu ya mtu mwenye mamia ya barua za kusoma, na ukizuka ubishi kuhusu kuchelewa sina ushahidi unaolingana na wa wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia katika ibara ya 24 elimu ya juu isiyo na ubaguzi na kwa msingi wa usawa na wengine. Kupitishwa mlango wa nyuma kila muhula si usawa.

Ombi langu kwa wanaosimamia mifumo hii ni kwamba, kabla muhula haujaanza, wafungue akaunti ya majaribio ya mwanafunzi, waweke kipanya kando na wawasilishe faili moja kwa kibodi. Wakishafaulu, wasakinishe NVDA, wawashe pazia lake la skrini ili kioo kiwe cheusi, wavae vipokea sauti na kurudia kazi hiyo tangu kuingia kwenye akaunti hadi kupata stakabadhi. Kila mahali watakapokwama wapaandike, na orodha hiyo wampelekee fundi aishughulikie kabla ya tarehe ya mwisho ya kazi ya kwanza.