Victoria, kumfuata James Douglas

Jamani kama uko pande za Vancouver na wikendi haina ratiba, panda feri pale Tsawwassen uende Victoria, ni saa moja na nusu hivi mnapita katikati ya visiwa, halafu basi mpaka mjini. Mimi nilienda kwa ajili ya mtu mmoja tu, James Douglas. Huku wanamwita baba wa British Columbia, jimbo lenye Vancouver na Victoria, ila mama yake hatajwi sana.

Kazaliwa 1803 Demerara, Guyana ya leo, baba mfanyabiashara Mskoti, mama chotara huru mwenye asili ya Barbados. Kasomeshwa Scotland, na alipofika miaka 16 akapelekwa Kanada kuwa karani kwenye biashara ya manyoya. Wenyeji ndio waliowinda biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya, wanaleta ngozi ngomeni wanaondoka na mablanketi na bunduki. Mkewe Amelia, mama yake alikuwa Mcree, kabila mojawapo la wenyeji wa Kanada.

Ukifika katikati ya mji angalia chini, kuna matofali yamepangwa mstari njiani, yamechongwa majina ya watu wa zamani, hapo ndipo ulipopita ukuta wa Fort Victoria, ngome ya Hudson's Bay, kampuni ya biashara ya manyoya, ambayo Douglas alisimamia kujengwa kwake 1843. Niliufuata ule mstari taratibu huku watu wananipita na kahawa zao. 1851 akawa gavana wa kisiwa cha Vancouver, ndiko Victoria iliko, na bado ni bosi wa kampuni, yaani mwenye duka ndo huyohuyo serikali!

Kilichoniuma ni ile mikataba 14 ya kununua ardhi ya wenyeji aliyofunga nao, 1850 hadi 1854. Bei ilipigiwa hesabu kwa mablanketi, kama ananunua ngozi vile, na ile ya mwanzo wazee wa kienyeji waliwekewa alama ya X kwenye karatasi tupu, maneno yakaja baadaye kutoka London. Siwezi kumsamehe hilo.

Lakini 1858, dhahabu ilipoonekana mto Fraser, huyohuyo aliwakaribisha watu weusi waliokuwa wanakandamizwa na sheria za California, wakaja kwa mamia, mmoja wao Mifflin Gibbs akachaguliwa diwani wa Victoria 1866. Mwaka huohuo wa dhahabu London ikamtaka aachane na kampuni ndo apewe pia koloni jipya la British Columbia, ng'ambo ya kisiwa upande wa bara, akaachana nayo. Wengine kati ya wale weusi walienda kulima kisiwa cha Salt Spring, na huko ndo nataka kwenda safari ijayo.