Jinsi tulivyoidhibiti kikuyu pembeni mwa uwanja wa gofu wakati wa masika

Kikuyu ni nyasi ya nyanda zetu za juu, na masika yakishika hukua usiku na mchana. Pembeni mwa njia za kuchezea ilikuwa ikimeza mipira, na mashine ikipita inaacha marundo mabichi yanayooza na kuua nyasi za chini.

Kasoro ilikuwa kwenye ratiba. Nyasi zikifika milimita 120 halafu ukazishusha hadi 50, umeondoa karibu majani yote. Yanabaki mashina ya kahawia. Tulipandisha kimo hadi milimita 60 na kukata kila baada ya siku 4 au 5, kabla hazijapita 90, ili isiondoke zaidi ya theluthi moja. Visu vinolewe: kisu butu huchana ncha, nazo hukauka na kuwa nyeupe.

Mbolea ya naitrojeni tuliisimamisha kuanzia Machi mpaka mvua zipungue, na hiyo ndiyo iliyosaidia zaidi. Kwenye miteremko tulipulizia dawa inayozuia jiberelini, homoni ya kurefusha shina, kwa kipimo cha lebo, majani yakiwa makavu. Ardhi ikiwa tepetepe, usiingize trekta kabisa. Magurudumu huacha mifereji.