Miavuli ya Tarnetar

Wenzangu wa Kariakoo mmeniuliza mara nyingi huku nimepakutaje, nami nimekuwa nikipiga chenga. Haya, leo nawapa habari za mela, yaani sikukuu na gulio, ya Tarnetar, maana pale ndipo nilipoona kwamba Saurashtra, eneo letu la huku Gujarat, India, niliyoiaga nikiwa kijana si hii niliyoikuta.

Tarnetar ni kijiji cha wilaya ya Surendranagar, Gujarat, jirani na Thangadh, mji wa viwanda vya vyoo na masinki ya kauri. Pana hekalu la mungu Shiva lililozungukwa na birika. Masimulizi ya wazee yanasema hapo ndipo Arjuna, shujaa wa Mahabharata, alipolenga jicho la samaki huku akitazama kivuli cha samaki huyo majini, akampata Draupadi awe mkewe. Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, watu hufurika kwa siku tatu: kuoga birikani, kuuza na kununua mifugo, kucheza ngoma za hudo na ras, na (ndivyo mabango ya utalii yanavyodai) kutafuta wachumba. Kijana wa jamii ya Kibharwad au Kikoli husimama chini ya mwavuli mkubwa uliotariziwa, akingoja msichana apendezwe.

Shangazi yangu, aliyeolewa zama hizo, alicheka mpaka akakohoa nilipomsomea bango. "Nani alichagua? Baba yangu na baba yake walimaliza maneno wakipatana bei ya nyati. Mimi nilipelekwa nikaone kama ana meno."

Kwa hiyo sitalia kwamba zamani mapenzi yalikuwa huru. Ninacholilia ni ile miavuli. Enzi zetu mmoja ulichukua miezi mingi, vioo vikishonwa kimoja kimoja kwa mkono, na jicho la mjuzi lilitambua mshono wa kijiji gani. Safari hii niliomba kuushika mmoja. Vioo ni vya plastiki, vimegandishwa kwa gundi. Maua yametariziwa kwa mashine, yote sawasawa kama yamepigwa muhuri. Pembeni kuna lesi ya kununuliwa kwa mita. Mwenyewe, kijana mstaarabu tu, alikuwa na namba kifuani kwa ajili ya mashindano, akaniomba rupia 50 nikitaka picha. Simlaumu. Anafanya kazi kiwandani Thangadh, atarizi saa ngapi?

Serikali imeingia kwa miguu yote miwili: jukwaa, vipaza sauti, mahema ya wageni, na ile wanayoiita Olimpiki ya vijijini, yenye mbio, kuvuta kamba na kabaddi, mchezo wa kukamatana wa timu mbili. Zamani ngoma ya hudo ilianza popote penye mpigaji na watu wawili wenye hamu, ukiwa karibu unavutwa mkono. Sasa mtangazaji anaita kikundi, kinapanda, kinashuka, wengine tumeinua simu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko plastiki.

Mabembea makubwa yapo, na lile pipa la mbao ambamo pikipiki huzunguka ukutani lipo. Tangu moto wa Mei 2024 ulioua watu kwenye kituo cha michezo ya burudani mjini Rajkot, ukaguzi umekazwa, na wenye mabembea wananung'unika. Waache wanung'unike.

Ila alfajiri ya siku ya tano ya mwezi mchanga, Rishi Panchami, hakuna mtangazaji. Akina mama wanashuka birikani na nguo zao, wanasukumana, wanagombana nani kakanyaga sari ya nani, wanaoga kwa imani kwamba maji yale ni sawa na ya mto mtakatifu Ganga. Kisha bendera ya hekalu inabadilishwa, kitambaa kirefu ajabu, umati ukipiga kelele. Pale sikuona tofauti yoyote na utoto wangu, isipokuwa mapolisi wameongezeka.

Anayetaka kuja, ashuke treni Thangadh, avae viatu vya matope maana mvua huwa bado zinanyesha, na afike usiku wa kuamkia siku hiyo ya tano. Mchana wa jukwaani mtauona kwenye simu zenu hukohuko Dar. Bagia nitanunua mimi.